Mwavuli wa Mama Asrat

Wanawake wanaokuja mlangoni kwako kabla ya jua kuchomoza, kundi zima, wamejitanda mitandio myeupe na hakuna anayeongea, hawajaja kuomba chachu ya mkate wa injera. Asnakech aliwasikia tangu wakiwa kule kwenye mikaratusi. Alikuwa amesimama chumbani, uso ameuelekeza mashariki, kamba ya sala mkononi, akimwambia Malaika Mikaeli yaleyale aliyomwambia kila asubuhi tangu mwanawe Asrat alipopanda lori la jeshi kwenda vitani kaskazini: mlinde, mrudishe. Akasikia kandambili kwenye changarawe, nyingi, na soga hakuna. Wanawake wa mtaa ule hata kanisani huwa wananong'ona.

Hakutoka. Aliharakisha tu maneno, kama mtu anayemalizia chakula akijua sahani inakuja kuchukuliwa.

Huku kwetu mama hapigiwi simu akaambiwa mwanao amekufa. Hiyo ni kukosa adabu, hata mlevi wa kilabuni hafanyi hivyo. Watu wanakaa, wanashauriana, wanachagua alfajiri ambayo mwenye msiba atakuwa nyumbani, kisha wanaingia kwake wote kwa pamoja ili akianguka awepo wa kumdaka. Ni heshima. Sibishi, ni heshima kubwa. Lakini heshima nayo ikiachwa mikononi mwa watu inachacha.

Mlango ukasukumwa. Wa kwanza kuingia alikuwa Mzee Shiferaw, mwenyekiti wa chama cha kuzikana, kofia kifuani. Wa pili Abba Fikre, padri aliyekuwa akimwungamisha Asnakech tangu akiwa msichana. Kisha Mulatwa, jirani wa ukuta kwa ukuta, shoga yake wa kuchangia moto na chumvi na siri zote za ndoa zao mbili. Mulatwa alikumbatia kitu bapa kilichofungwa kwenye shuka. Hakuinua macho.

"Mama Asrat," Mzee Shiferaw akasema. "Kaa chini, dada yangu."

"Nasali. Hamnioni?"

"Tunakuona. Kaa kidogo."

"Ngojeni nimalize."

Wakangoja, watu wote wale, wengine bado wako nje kwenye baridi. Asnakech akamaliza sala mpaka mwisho. Halafu akaanza tena kutoka mwanzo. Mzee Shiferaw akamtazama padri, padri akatazama sakafu. Mara ya tatu alipotaka kuanza, Abba Fikre akamwekea mkono begani.

"Binti yangu," akasema. "Asrat amepumzika."

Mengine hayana haja ya kusimuliwa. Kila aliyewahi kuzaa anajua sauti ile inatokea wapi.

Turubai likafungwa uani, mabenchi ya chama yakaja, na kwa kuwa mwili haukuwepo, meza iliwekwa katikati na juu yake vitu vya marehemu vikapangwa: koti lake la shule, viatu vyake vya mpira, kikombe chake cha bati. Mulatwa akafungua ile shuka akatoa picha ya Asrat, kubwa, kwenye fremu nyeusi, akaisimamisha nyuma ya viatu. Wanawake wakapiga vifua. Mpiga mbolezi akaanza kumtaja kijana kwa sifa zake, jinsi alivyokuwa akibeba magunia ya unga wa mama yake bila kuambiwa, na uani pote watu wakalia kweli, kwa sababu Asrat alikuwa mtoto wa kuliliwa.

Pembeni, kwenye kona ya chumba, mwavuli ulisimama umefunikwa kwa kanga. Kila mtu mtaani aliujua. Ilikuwa nadhiri ya Asnakech: Asrat akirudi mzima, atampelekea Malaika Mikaeli mwavuli wa sherehe siku ya sikukuu yake, ule mkubwa wa mahameli ambao mapadri hufunikiwa wakitoka na tabot, ule ubao mtakatifu wa madhabahu, kuzunguka kanisa. Wengine huweka nadhiri wakasubiri kwanza wapewe, ndipo watafute kitu cha kulipa. Asnakech hakuwa wa hivyo. Alisema malaika asije akamkuta hajajiandaa. Mvua zilipoanza alinunua mahameli ya zambarau, akamwendea fundi wa fimbo na mbavu, na kila usiku baada ya kuzima jiko la injera alishona kishada kimoja cha uzi wa dhahabu, akisali, mpaka ukingo wote ukajaa.

Sasa watu walioingia chumbani kumpa pole waliukwepa ule mwavuli kwa macho, kama mtu aliyevua nguo.

Siku ya pili ya matanga, watu walipopungua kidogo, Asnakech aliinuka akaenda mezani kwa mwanawe. Alitaka kugusa uso tu. Alipopitisha kidole juu ya fremu kidole kikatoka na vumbi. Akakitazama. Picha imeletwa jana alfajiri ikiwa imefungwa kwenye shuka, na ina vumbi la kukaa. Akaigeuza nyuma. Kwenye kona ya fremu, kati ya mbao na kioo, kilikuwa kimenasa kipande cha karatasi ya kumetameta, ya waridi, kama ukucha wa kidole kidogo.

Karatasi zile alizijua. Alizizoa mwenyewe kwa ufagio, kapu zima, uani kwa Mulatwa, kesho yake baada ya harusi ya Hirut, bintiye Mulatwa. Harusi ilikuwa majuma matatu nyuma.

Akairudisha picha mahali pake. Akaketi. Wanawake wakadhani amechoka kulia wakamletea maji.

Akakumbuka harusi. Yeye ndiye aliyepika injera zote, maana hakuna mtaani mwenye mkono kama wake, na alikataa kulipwa kwa sababu Hirut alikua akilala nyumbani kwake kama kwao. Wakamvuta katikati ya duara acheze. Akacheza, akatikisa mabega mpaka mtandio ukamdondoka, akasema kwa sauti wote wasikie: "Asrat akirudi, na mimi mtanichezea hivihivi!" Na watu wakapiga makofi kuliko ilivyohitajika. Mzee Shiferaw aliinuka akatoka nje. Asnakech alidhani mzee amebanwa na pombe ya shayiri.

Jioni ya siku ya tatu, waombolezaji walipoondoka na mabenchi yakaanza kurundikwa, alimkuta Mulatwa akiosha vikombe vya kahawa.

"Hii picha uliichapisha lini?"

"Picha gani, mwenzangu?"

"Mulatwa, usinivunge."

Mulatwa aliweka kikombe chini. Akafuta mikono kwenye gauni, mara moja, mara mbili, ingawa ilishakauka.

"Wakati wa mvua," akasema.

"Mvua zikianza au zikiisha?"

"Zikianza. Mpwa wake Mzee Shiferaw alipata simu ya jeshi akampigia mjomba wake. Walikuwa kikosi kimoja na Asrat. Alimzika yeye mwenyewe, dada, kwa mikono yake, akamwekea jiwe. Hakutupwa."

"Kwa hiyo mliponiambia subiri, atapiga simu, mtandao umekatika kaskazini..."

"Ulikuwa umekatika kweli. Hatukudanganya hapo."

"Hapo," Asnakech akasema.

"Tulikaa kikao. Wewe presha ilikuwa juu, unakumbuka, ulilazwa. Tukasema apone kwanza. Ulipopona ukaingia mfungo wa Mama Maria, na wewe unavyofunga, hata maji hunywi mpaka jioni. Ungetufia. Tukasema mfungo upite. Ukaja Mwaka Mpya. Sasa nani anampasulia mama habari ile siku ya Mwaka Mpya, watoto wanapita na maua mlangoni? Ikaja sikukuu ya Msalaba..."

"Kisha?"

"Dada, acha."

"Kisha ikaja nini, Mulatwa?"

"Ikaja ya Hirut." Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Ukumbi ulishalipiwa. Wakwe walishatoka Gonder na mabasi mawili. Siwezi kupiga ngoma na turubai la msiba liko ng'ambo ya ukuta, unajua hivyo. Nilijua nikikwambia utalia, halafu utafuta uso useme fungeni harusi yenu, mimi nitalia chumbani polepole. Nakujua. Ndiyo maana nikashindwa."

"Kwa hiyo ukaona bora nije nikutikisie mabega."

Mulatwa akainamia vikombe.

"Ulinisindikiza sokoni kununua mahameli. Nilitaka nyekundu. Wewe ndiye uliyesema Mikaeli anapendeza na zambarau. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ulikuwa unajua, na ukanichagulia rangi."

"Nilikuona unavyofurahi, mwenzangu. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu aondoke. Sikuweza."

Asnakech aliokota kile kikombe, akakisuuza mwenyewe, akakipanga na vingine. "Nenda nyumbani," akasema. "Mkweo atakuwa anakungoja."

Asubuhi zilizofuata aliendelea kuamka saa ileile, maana mwili ulishazoea. Aliosha uso, akasimama kuelekea mashariki, akashika kamba ya sala. Halafu basi. Hakuwa na la kusema. Alijaribu kusema apumzike kwa amani, kama tunavyowaombea marehemu, lakini maneno yalikwama kama tonge kavu, na alipoacha mdomo ujiendee wenyewe ukasema mrudishe. Akauziba kwa kiganja. Hasira zikampanda. Tangu mvua zianze amekuwa akimng'ang'ania Mungu juu ya mtoto aliyekwisha kuzikwa! Amefunga, amepiga magoti mpaka yakachubuka, amebusu ukuta wa kanisa pande zote nne, na malaika na padri na wauza vitunguu wote wanajua kwamba hakuna wa kurudishwa. Aliona amekuwa kichekesho, mbinguni na mtaani pia.

Aliketi kitandani mpaka kukapambazuka. Kisha akajitanda mtandio, pindo juu shingoni kama wanavyojitanda wafiwa, akaenda kanisani kwa Abba Fikre.

Alimkuta nyuma ya kanisa, ameketi kwenye jiwe, akichambua ubani na kutoa vijiti. Padri alipomwona alisogea ampe nafasi. Asnakech hakukaa.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Nilikuja kwako kuungama wakati wa mfungo. Nikakwambia Abba, nimechoka, naomba sijibiwi, nataka kuacha. Ukaniambia nini?"

"Nilikwambia usiache."

"Nisiache nini? Ulikuwa unaniambia niendelee kuomba nini, Abba?"

Abba Fikre aliuweka ubani chini. Alikuwa mzee wa mikono mikubwa, aliyelima kabla ya kupewa upadri, na mikono ile sasa haikujua ikae wapi.

"Kuna jambo lingine," akasema. "Ni afadhali ulisikie kwangu. Siku ileile, baada ya kuungama, nilikuomba ulete kapu la injera na mchuzi wa dengu uwalishe maskini hapo langoni."

"Ulisema ni thawabu ya mfungo."

"Ilikuwa arobaini yake."

Asnakech akashika ukuta.

"Nisingeweza kuiacha ipite hivihivi," Abba akasema. "Mtoto nilimbatiza mimi. Misa ya asubuhi ile ilikuwa yake. Nilimtaja kwa jina lake la ubatizo, polepole, usilisikie. Na chakula cha arobaini sharti kitoke nyumbani kwa marehemu, ndipo nikakutuma."

Aliikumbuka siku ile yote, na hicho ndicho kilichomuuma. Alikuwa amewagawia maskini mmoja mmoja kwa mkono wake. Kipofu mmoja wa pale langoni alirudisha sahani mara tatu, na yeye akamwambia baba, wewe unakula kuliko nyumbu wa mizigo, akalegea kwa kicheko, na kipofu naye akacheka, na foleni nzima ikacheka.

"Nilicheka," akasema.

"Ulicheka. Nilikuwa nyuma ya pazia nikakusikia."

"Nilicheka kwenye arobaini ya mwanangu. Nina mtoto mmoja tu, Abba. Mmoja. Sikumfunga kidevu, sikumwosha, sikumtupia udongo. Kilichobaki kilikuwa ni kulia tu, na hicho nacho mkakiweka akiba mpaka watu wamalize kula karamu yao ya harusi."

"Nilikosea."

"Ndiyo, ulikosea."

"Nilidhani nakubebea."

"Ulinibebea nini? Nilikwambia kinanilemea?" Akauachia ukuta. "Niambie basi. Maombi yangu yalikwenda wapi? Yote yale. Yalikwenda wapi?"

"Sijui."

"Wewe si padri? Wenzako wote wanajua kila kitu, mimi nimepewa asiyejua."

Padri akataka kutabasamu, akashindwa. "Sijui, binti yangu. Ningekuwa na jibu ningekukimbilia nalo nyumbani. Ninachojua ni hiki tu. Kila siku tunasimama mle ndani tunasema tunangoja ufufuo wa wafu. Nimeyasema maneno hayo tangu nikiwa kijana wa madevu machache. Siku ile ulipokuwa unaomba arudi huku nami namwombea kama marehemu, ukuta mmoja tu kati yetu, niliogopa. Niliona mmoja wetu anamwomba Mungu kitu kikubwa na mwingine anatimiza kazi yake. Na nilihisi mwenye kazi tu ni mimi."

Asnakech hakuridhika. Aliondoka bila kubusu msalaba wake, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu utotoni, na mzee wa watu akabaki na mkono uliokwisha kunyoosha msalaba nusu.

Sikukuu ya Mikaeli ilikuwa inakaribia. Mtaani hapakuwa na habari nyingine: atautoa mwavuli au hatautoa? Nadhiri haijajibiwa, hana deni. Mzee Shiferaw alimjia kwa niaba ya chama, akakaa ukingoni mwa kigoda.

"Dada yangu, hakuna anayekudai. Tumeongea na fundi, yuko tayari kuuchukua, awauzie watu wa kanisa lingine. Hutauona tena."

"Mmeongea akina nani?"

"Sisi. Kikao."

"Mnapenda vikao," Asnakech akasema. "Mzee wangu, ule mwavuli ni wangu. Niacheni na mimi nikae kikao changu."

Akakaa kikao chake na Mungu asubuhi iliyofuata, na haikuwa sala nzuri. Hakupiga magoti. Alimwambia kwamba amemwonea. Alimwambia kwamba naye ana Mwana mmoja, na yeye angalau alikuwepo akaona, na mama yake Yesu aliruhusiwa kusimama pale chini ya msalaba na kulia mpaka akatosheka, hakuna aliyemwambia subiri kwanza harusi ya jirani ipite. Alimwambia yote, mpaka koo likakauka. Na alipomaliza alishangaa kuona kwamba tangu alfajiri ile ya watu wengi mlangoni, ndiyo mara ya kwanza amezungumza na mtu bila kupimiwa maneno. Hakujibiwa chochote. Jogoo wa Mulatwa akawika ng'ambo ya ukuta. Halafu mdomo ukasema tena lile neno lake la kila siku, mrudishe, na safari hii hakuuziba.

Siku ya sikukuu uwanja wa kanisa ulijaa mpaka barabarani, mitandio myeupe tupu. Ngoma zikapigwa, mashemasi wakachezesha njuga zao, na tabot ikatoka imebebwa kichwani kwa Abba Fikre, imefunikwa kwa kitambaa cha dhahabu, miavuli ya rangi zote ikiyumba juu yake. Walipofika chini ya ngazi wakasimama, maana huo ndio wakati wa nadhiri. Shemasi mmoja mwenye kipaza sauti husimama kando, na kila mwenye nadhiri anapita mbele na alicholeta, anaulizwa malaika amemtendea nini, anasema, shemasi anatangaza, na wanawake wanajibu kwa vigelegele. Alipita mwanamume na pazia jipya la madhabahu: alipata kazi. Vigelegele. Alipita msichana na mishumaa mirefu kama yeye: alifaulu mtihani. Vigelegele. Alipita bibi na mbuzi aliyekataa kutembea: figo zake zilipona. Watu wakacheka, wakapiga vigelegele vya bibi na vya mbuzi pia.

Ndipo Asnakech akatokea.

Alivaa nguo nyeusi, pindo la mtandio shingoni, na mwavuli begani, bado umefunikwa kwa kanga. Kelele zikapungua kuanzia mbele kwenda nyuma. Watu wa mtaa wake walikuwa wamesimama pamoja upande wa kushoto, na Mulatwa miongoni mwao, na Hirut bibi harusi kando yake, hina ikikaribia kufutika mkononi.

Akatoa kanga. Akaufungua mwavuli, na mahameli ile ya zambarau ikatanuka, vishada vyote vikaanguka mahali pake kwa pamoja. Kuna mwanamke alipumua kwa nguvu, maana kwa kweli ulikuwa mzuri kuliko yote iliyokuwa pale.

Shemasi alikuwa mgeni katika kanisa lile, hakujua lolote. Aliona mwavuli mpya akafurahi. "Mama, malaika amekutendea nini?" akauliza, kipaza sauti mdomoni.

"Hajanitendea," Asnakech akasema.

Shemasi akadhani hakusikia vizuri. Akamsogezea kipaza sauti, na hapo ndipo kanisa zima likasikia.

"Nilimwomba mwanangu arudi kutoka vitani. Hakurudi. Aliuawa mvua zikianza, akazikwa huko, na mimi nikaendelea kuomba kwa sababu sikuambiwa. Watu wa mtaa wangu walijua wote, pale wamesimama. Wamekula injera yangu wakijua. Mikaeli naye alijua. Lakini yeye alininyamazia tu. Hakuniambia subiri, atapiga simu. Hakunichagulia rangi."

Mzee Shiferaw alikuwa amevua kofia na kuifinyanga kifuani. Chini ya tabot uso wa Abba Fikre ulikuwa umelowa, na hakuweza kuufuta kwa sababu mikono yote miwili ilishika kitu kitakatifu.

"Sasa, mama," shemasi akasema kwa sauti ya chini, ametahayari, "kama hukujibiwa, kwa nini umeleta?"

"Kwa sababu sijamaliza kuomba. Ombi langu ni lilelile. Arudi. Mle ndani mnasema wafu watafufuka, mimi nimewashika hapohapo. Siku simpangii tena Mungu. Mwavuli ndio huu, nimelipa mapema."

Akampa shemasi fimbo ya mwavuli. Shemasi akaupokea kwa mikono miwili, akabaki anamtazama padri, hajui atangaze nini. Uwanja mzima ukawa kimya, watu elfu na kitu, mpaka kengele ya mbuzi wa yule bibi ikawa inasikika. Haikuwa nadhiri iliyojibiwa, kwa hiyo haina vigelegele. Wala haikuwa msiba wa kuliliwa, maana tabot ikiwa nje hakuna kulia.

Ndipo upande wa kushoto mwanamke mmoja akaanzisha kigelegele. Alikuwa Mulatwa. Kilitoka kibovu, kimechanganyika na kwikwi, kikapanda, kikakatika, akakianza tena peke yake, hakuna aliyempokea, hata binti yake.

Asnakech aligeuka akamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni tangu siku ya vikombe.

"Acha, Mulatwa," akamwambia, na kipaza sauti kilikuwa bado karibu. "Hivyo vitunze. Utampigia akirudi."

Mulatwa akafunga mdomo. Shemasi akauinua mwavuli juu ya tabot, ngoma zikaanza tena, na Asnakech akafuata nyuma yake kuzunguka kanisa, midomo ikicheza.